Ukimya Ulioharibika

Mtu akikaa miaka mingi akiwasomea watu habari, hufika siku akadhani habari ni yeye. Ndivyo ilivyompata Saa Mbili, na ukimwuliza leo hakatai.

Jina hilo alipewa na mtaa. Kila siku, saa mbili usiku, uso wake ulitokea kwenye televisheni za watu ukiwa umepakwa poda, tai imenyooka, sauti ikitoka taratibu kama ya mtu anayemimina asali na hataki hata tone lipotee. Watoto walifukuziwa kitandani kwa jina lake: "Haya, Saa Mbili huyo kaingia, kalaleni!" Kisha kituo kikamwajiri kijana mmoja mwenye meno mazuri, na Saa Mbili akawatangazia watu kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, ili aanzishe kampuni yake mwenyewe ya kutengeneza vipindi.

"Hiari hiyo," mkewe alimwuliza jioni ile akimpokea koti, "imekuja kwa miguu yake au imesindikizwa?"

Alikuwa na majibu ya kila swali duniani isipokuwa maswali ya mkewe.

Kampuni ikafunguliwa kwenye chumba cha wageni. Kuta zikabandikwa trei za mayai ili sauti isigonge na kurudi, dirisha likazibwa kwa godoro, na mgeni aliyekuja kulala alitandikiwa sebuleni na kuambiwa ajivunie kulala jirani na studio. Juu ya geti likatundikwa bango: SAA MBILI PICHA NA SAUTI, pamoja na uso wa mwenye kampuni. Fundi wa mabango alikuwa na haraka siku hiyo, akamchora sikio moja kubwa kama sahani na jingine la kawaida. Saa Mbili alitaka bango lirudishwe. Mkewe akasimama chini yake, akaliangalia, akasema, "Liache. Huenda hilo kubwa likasikiliza."

Mkewe ndiye aliyekuwa mpiga picha. Ujana wake aliutumia katika duka la picha za pasipoti, na huko alijifunza kumtazama mtu bila kumsumbua. Akishika kamera hakusema neno. Aliongoza watu kwa kidole na kwa nyusi. Kaka yake, ambaye Saa Mbili alimwita shemeji, na ambaye alimwita Saa Mbili kila jina lililomjia mdomoni, alikuwa fundi sauti. Binti yao wa pekee alikuwa mhariri: yeye ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta akikata na kuunga. Saa Mbili mwenyewe alikuwa mkurugenzi, mwandishi na mtangazaji, na kwa hesabu za shemeji yake, mzigo.

Kipindi chao kikubwa kiliitwa Mikono ya Watu. Kila wiki walimwendea fundi mmoja kazini kwake: mshona viatu, mchonga funguo, mama mmoja aliyefufua feni zilizokufa. Kilikuwa kipindi kizuri. Kingekuwa kizuri zaidi kama mkono wa Saa Mbili usingejitia kila mara mbele ya mikono ya watu, ukieleza.

Sasa, kazi hii ina desturi moja ambayo mtu wa nje akiiona huona wazimu. Kila chumba kina sauti yake, hata kikiwa kimya. Kuna friji inayonguruma, kuna bati linalojinyoosha juani, kuna barabara ya mbali. Mhariri akikata maneno katika mazungumzo, hubaki tundu, na tundu hilo huzibwa kwa ukimya wa chumba kilekile, kama fundi nguo anavyotia kiraka cha kitambaa kilekile. Kwa hiyo kila walipomaliza mahojiano, shemeji alivaa hedifoni zake, akainua mkono na kusema, "Ukimya!" Hapo kila mtu aliganda alipo. Mshona viatu aliganda na sindano mkononi, mteja wake aliganda na mguu mmoja peku, na kinasa sauti kikakusanya ule utupu.

Mtu mmoja tu hakuweza kuganda. Kule kituoni Saa Mbili alifundishwa kwamba ukimya ni ajali: msomaji akinyamaza pumzi mbili tatu, simu inalia kutoka ghorofani. Mdomo wake ukazoea kuuogopa ukimya kama paka anavyoogopa maji. Basi alikohoa. Au aliguna. Au aliuliza kwa kunong'ona, "Tayari?" Na mnong'ono wa Saa Mbili ulikuwa mnong'ono ambao jirani wa pili angeweza kuunakili.

"Imeharibika," shemeji alisema kila mara. "Tunarudia. Na safari hii mkurugenzi akasimame nje."

Ndivyo walivyofanya kazi kwa miaka. Kisha, mwaka jana, mke wa Saa Mbili akaugua, akalazwa, akafa, kwa mfuatano huo na kwa haraka hiyo. Kampuni haikufungwa kwa sababu hakuna aliyejua inafungwaje. Binti akashika kamera pamoja na uhariri. Saa Mbili akaendelea kueleza.

*

Jumapili moja mama mkwe wake alikuja kula nao. Aliishi kwa mwanawe, fundi sauti, ambaye alimshika mkono tangu getini, kwa kuwa macho ya mama yalikuwa yameanza kwa ukungu na sasa yalikuwa yamefunga duka kabisa. Saa Mbili, aliyekuwa amezoea kukaa kitini kama mtu anayetazamwa na taifa, mbele ya mama mkwe alikaa ncha ya kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Umejuaje, mama, na macho..."

"Sauti yako imekonda."

Walipomaliza kula, mama mkwe alinawa mikono, akaifuta polepole, na akasema jambo ambalo ilionekana amelibeba toka nyumbani.

"Nina ombi. Uso wa mwanangu bado ninao. Nikifumba macho namwona, na nikiyafumbua namwona vilevile, maana kwangu sasa ni mamoja. Ila sauti inanitoka. Juzi nimemwota ananiita. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya jirani yangu, yule muuza mkaa." Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Nimeamka nimeogopa. Nyinyi si ndio wenye kampuni ya sauti? Nitafutieni sauti yake. Hata akisema 'karibu' tu. Nataka niishike kabla haijaondoka yote."

Saa Mbili akajikuta ameshasimama.

"Mama, hilo wala si la kuomba," alisema, na sauti ya asali ikarudi yenyewe. "Kampuni hii ina hazina ya miaka mingi. Kabati zima! Jumapili ijayo utamsikia mwanao akizungumza mpaka uchoke."

Binti yake alikuwa akiangalia sakafu. Yeye alijua kilichomo kabatini, na zaidi alijua kisichokuwamo.

*

Walitafuta wiki nzima katika rekodi za kabatini. Waliwakuta mafundi wa kila aina, harusi za ndugu, mahafali, ubatizo wa watoto ambao sasa wana ndevu. Na kila mahali alikuwapo mtu mmoja, Saa Mbili, akieleza. Mkewe hakuwapo popote, kwa sababu nyepesi kwamba yeye ndiye aliyeshika kamera. Walipata kivuli chake ukutani katika kibanda cha mchonga funguo. Walipata viatu vyake kwenye kioo cha duka la samani. Katika harusi ya shemeji walipata kidole chake kikifuta lenzi, kikubwa kama ndizi, na ndicho kilichomliza Saa Mbili, kidole.

Lakini sauti, hapana. Alikuwa akifanya kazi kimya. Simu yake ilikuwa ya vibonye, na ujumbe wa sauti aliukataa maisha yake yote. "Sauti ni ya mwenzangu," alikuwa akisema. "Mimi ni wa picha."

"Mganga hajigangi," shemeji alisema, akirudisha sanduku la mwisho kabatini. "Tumerekodi mpaka mbwa wa watu. Dada yangu je?"

"Kwani wewe ulikuwa wapi?" Saa Mbili akamgeukia. "Fundi sauti ni nani hapa?"

"Nilikuwa nakurekodi wewe, shemeji. Hukutoa nafasi ya mtu mwingine hata ya kupiga chafya."

Saa Mbili akafikiri usiku kucha na asubuhi akaja na suluhisho. Ni sharti isemwe kwamba suluhisho za Saa Mbili zilikuwa na tabia ya kufanana naye. Angetengeneza filamu fupi ya kumbukumbu. Kivuli, viatu, kidole, picha za zamani. Na juu yake, masimulizi. Mama mkwe angesikia maisha yote ya mwanawe.

"Yakisimuliwa na nani?" binti aliuliza.

"Swali gani hilo?"

Akavaa suti nyeusi, akasimama mbele ya trei za mayai. "Alikuwa," alianza, na hapo akatulia kidogo, kwa utulivu uleule aliokuwa akiutumia kabla ya kutangaza misiba ya viongozi. Akaendelea. Machozi yalipomjia, na yalikuwa machozi ya kweli, Mungu shahidi, aligeuza kichwa kidogo ili taa iyapate vizuri. Hakukusudia. Shingo ilijigeuza yenyewe, kwa mazoea, na yeye aliijua aibu hiyo palepale, machozi yakiwa bado njiani.

Binti alimaliza kuunga filamu Jumamosi. Waliitazama wote watatu.

"Baba," binti alisema taa ilipowashwa, "Mama yuko wapi hapa?"

"Yumo kwenye maneno."

"Kwenye maneno yako," shemeji akasema. "Mimi nimeona filamu ya mjane mwenye suti nzuri. Hata nimekuonea huruma, nikatamani nikutafutie mchumba."

"Utani mwingine una mipaka, shemeji!"

"Na filamu nyingine vilevile."

Lakini Jumapili ilikuwa imefika mlangoni, na ahadi ni deni. Mama mkwe akakalishwa kwenye kiti kikubwa karibu na spika. Alikuwa amevaa nguo zake za kutokea. Hakuna aliyemwambia avae hizo. Alikuwa anakwenda kuonana na mwanawe.

Filamu ikaanza. "Alikuwa..." ikasema spika. Mama mkwe akainamisha kichwa, akatega sikio. Sauti ya Saa Mbili ikasimulia kuzaliwa, shule, duka la pasipoti, ndoa. Ilikuwa nzuri mno ile sauti. Mama mkwe alisubiri. Mara mojamoja alifungua kiganja chake na kukifunga, kama mtu aliyekaa kituoni anayesikia gari na kugundua si lake.

Ilipokuwa karibu kwisha, aliinua mkono kwa upole.

"Hii ni sauti ya mkwe wangu," alisema. "Naijua. Nimeisikia mpaka kwenye matangazo ya sabuni. Mwanangu anazungumza saa ngapi?"

Friji ilikuwa ikinguruma jikoni. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, ukimya ulikuwa ukimhitaji Saa Mbili aseme.

"Mama," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo haikuwa ya televisheni, "hatujaipata."

"Basi, baba. Basi." Akapapasa, akaushika mkono wake, akaupigapiga. Yeye ndiye aliyekuwa akimfariji. "Ila mkishaacha kutafuta mniambie. Nisiendelee kuvaa nguo nzuri bure."

*

Jumatatu binti aliingia studio kabla ya baba yake, akaifungua filamu ile na kuanza kuinyofoa. Saa Mbili alimkuta akifuta masimulizi, mstari baada ya mstari.

"Unafanya nini?"

"Nakutoa, Baba."

Alivuta kiti akakaa. Alikuwa na hotuba tayari kuhusu muundo wa simulizi. Akaiangalia ile sehemu ya sauti kwenye kioo cha kompyuta, ilivyokuwa imejaa yeye mwanzo mpaka mwisho kama nywele za mtu aliyegoma kwenda kwa kinyozi, na hotuba ikamshuka.

"Endelea," alisema.

"Nataka kibaki kivuli chake tu, pale kwa mchonga funguo. Kivuli na sauti ya kibanda. Bibi haoni, najua, lakini mimi naona. Tatizo ukitoka wewe panabaki tundu. Nahitaji ukimya wa pale."

Mjomba wake aliitwa. Alikuja na kikombe chake, akainama juu ya kompyuta.

"Kwa mchonga funguo?" Akakuna kichwa. "Pale hatukupata ukimya. Tulirudia, tukarudia, mtu huyu akaharibu zote. Mwisho mchonga funguo akatufukuza, wateja walikuwa wanamngoja."

"Zile mbovu ulizifuta?"

"Kufuta ni kazi, mwanangu. Ziko kwenye folda yake. Imeandikwa Mbovu. Hakuna aliyewahi kuifungua."

Binti akaifungua. Ilikuwa ndefu, ukimya wote ulioharibika wa miaka yote ulikuwa umelazwa humo. Akatafuta kibanda cha mchonga funguo. "Labda tutapata hata kipande kidogo kisafi kabla hajakohoa," alisema, akabonyeza.

Spika zikatoa bati likijinyoosha. Upepo kwenye tundu la mlango. Mtu akipita na funguo zinazogongana. Kisha kikohozi, kikubwa, cha kiungwana.

"Huyo," shemeji akasema.

Kisha sauti ya Saa Mbili, ule mnong'ono wake: "Unadhani nimetokea vizuri?"

Na hapo, karibu kabisa, kwa kuwa kamera ilisimama siku zote bega kwa bega na kinasa sauti:

"Nyamaza, bwana."

Hakuna aliyetikisika. Kikombe cha shemeji kilikuwa nusu ya njia kwenda mdomoni na kikabaki hapo.

Binti akarudisha nyuma. Kikohozi. Nimetokea vizuri. Nyamaza, bwana.

"Fungua nyingine," Saa Mbili alisema.

Akafungua kwa mshona viatu. Saa Mbili: "Mke wangu, hii tai imekaa..." Na yeye: "Tai ipo shingoni. Ingekuwa mdomoni ningeshukuru."

Akafungua kwa mama wa feni. Saa Mbili: "Tayari?" Na yeye, polepole, kama anayemwimbia mtoto mkaidi: "Bado. Taarifa ya habari imekwisha, bwana. Kiache chumba nacho kiseme."

Kuna moja ambayo haikuwa na neno la Saa Mbili hata kidogo. Kulikuwa kimya, kimya, kisha kicheko kilichozuiwa kikatoka puani, na shemeji akisema "Imeharibika!" na yeye akihema kwa kucheka: "Safari hii ni mimi, nisameheni. Lakini mwangalieni uso wake anavyojizuia. Jamani, atapasuka!"

Shemeji aliweka kikombe chini. "Na mimi nimezisikia zote hizi," alisema. "Masikioni mwangu, na hedifoni juu. Nilikuwa nasikiliza kosa tu. Nikishasikia kosa, nazima." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Uvivu wangu usingekuwapo, ningezifuta."

"Usijisifu," Saa Mbili akasema. "Kama kuna mtu wa kusifiwa hapa, ni kikohozi changu."

Wakacheka mpaka binti akalazimika kuinuka, akasimama ameegemea trei za mayai, mgongo kwao. Mwanamke ambaye hakuzungumza kazini alikuwa amezungumza kila siku ya kazi, na maneno yake yote, ukiyaunga pamoja, yalikuwa kumwambia mtu mmoja afunge mdomo. Saa Mbili alijaribu kuona uchungu juu ya hilo na hakuweza. Alijiona kama mtu aliyeachiwa urithi ambao wosia wake ni matusi matupu, na bado ni urithi.

Ya mwisho kwenye folda ilikuwa ya kwa fundi saa, ile kazi waliyoifanya kabla ya hospitali. Saa zilikuwa zikigonga, kila moja na mwendo wake. Saa Mbili wa siku ile hakukohoa. Aliuliza tu, chini chini, "Umechoka, mke wangu?"

"Nyamaza, tumalize."

Saa zikaendelea. Kisha, baada ya muda, sauti ileile lakini ndogo zaidi: "Nimechoka kidogo."

Na ya shemeji: "Imeharibika."

Hiyo hawakuirudia. Binti aliifunga taratibu, kama mtu anavyofunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

*

Jumapili mama mkwe alikuja amevaa nguo za nyumbani.

"Mama," Saa Mbili alisema, "leo ungevaa zile nzuri."

Akageuza uso upande wa sauti yake. Alinyoosha kitambaa kichwani, akajipangusa magoti, na akakaa wima.

Binti alikuwa ameziunga moja baada ya nyingine, na hakumtoa baba yake, maana bila kosa lake jibu lisingeeleweka. "Nyamaza, bwana," ikasema spika, na mama mkwe akashika mkono wa kiti. "Tai ipo shingoni," ikasema, na midomo ya mama mkwe ikaanza kutembea, ikiyafuata maneno kwa nyuma kidogo. Kwenye kicheko alicheka pia, kicheko kikatokea puani hivyohivyo, na sebuleni pakawa na vicheko viwili ambavyo huwezi kuvitenga kwa kisu.

Kile cha mwisho, cha kwa fundi saa, binti alikuwa amekiacha kwanza, kisha akakirudisha. Mama mkwe alikisikia mpaka mwisho.

"Alikuwa hivyo," alisema. "Hata akiwa mdogo. Mpaka umsubiri ndipo akwambie anaumwa." Kisha akasema, "Nirudishie, mjukuu wangu. Ile ya tai kwanza."

Akarudishiwa. Alirudishiwa mpaka chai ikaletwa, na alipotosheka, au alipochoka, maana havifanani, akasema anataka na yeye kurekodiwa. "Nimejifunza," alisema. "Msije mkahangaika kabatini kwa ajili yangu." Shemeji akaweka kinasa sauti kwenye kistuli. Mama mkwe akasimulia habari za mwanawe alivyokuwa akiwapanga kuku mstari na kuwaambia wainue kidevu, na siku alivyomleta nyumbani mchumba mwenye sauti nzuri. "Nikamwambia, mwanangu, huyu bwana ataongea mpaka lini? Akasema, mama, akinyamaza nitajua amekufa, basi akiongea mimi nitalala bila wasiwasi."

Saa Mbili alikuwa hajawahi kuisikia hiyo.

Mama alipomaliza, shemeji alivaa hedifoni, akainua mkono kwa mazoea.

"Ukimya!"

Wote wakaganda. Binti aliganda na sinia mkononi. Friji ikanguruma. Nje, bango lilikuwa likigongagonga geti kwa upepo, lile lenye sikio. Saa Mbili alikaa ncha ya kiti na mikono katikati ya magoti. Aliapa moyoni kwamba safari hii, kwa heshima ya marehemu, angeuacha ukimya upite salama. Alihesabu pumzi. Alikaza meno. Aliona mvuke kwenye kikombe cha mama mkwe ukipungua, ukipungua, na macho ya mama hayakuuona.

"Mama," ikamtoka, "chai yako inapoa."

"Nyamaza, bwana," alisema mama mkwe.

Alilisema bila kufikiri, na lilitoka vilevile kama la mwanawe. Ule mkato, ule ubapa wa mwisho, lile "bwana" lililoshuka ngazi moja na kukaa. Binti akaweka sinia chini. Shemeji alikuwa na mkono wake bado juu, akauacha huko, hedifoni zimemfunika masikio, na akaanza kusema "Imeharibika", akaishia nusu.

Mama mkwe naye alikuwa amejisikia. Aliweka vidole juu ya midomo yake, akaviacha hapo, kama mtu aliyepapasa giza akitafuta kiberiti na kukuta kimo mkononi mwake.

"Tunarudia?" Saa Mbili aliuliza.

"Nyamaza wewe," wakamwambia wote watatu.

Akanyamaza, kadiri alivyoweza. Kinasa sauti kiliendelea kunasa.